Mwaka wa Vibati Vyekundu

Nyinyi vijana mtakaoyasoma haya, kaeni kitako kwanza. Sikuandika ili mnionee huruma, wala sikuandika mpate kunisifu kwamba bibi yenu kashika kalamu uzeeni. Herufi hizi nilifundishwa na walimu wa kisomo cha watu wazima nikiwa tayari nina wajukuu. Kabla ya hapo nilijua za kusomea msahafu tu. Mkiona neno limepinda, linyoosheni wenyewe kimoyomoyo muendelee. Habari ya nani alimzaa nani na tulitoka wapi sitaisema, waulizeni wengine, wapo wanaoipenda. Mimi nataka kusema mwaka mmoja tu, na ninausema sasa kwa sababu Ijumaa iliyopita tumemzika Bi Mize, na yeye ndiye niliyepaswa kumwambia kabla yenu.

Mwaka wenyewe siujui kwa hesabu. Najua ulikuwa kabla ya vita vikubwa vya pili, na najua nilikuwa kama wa miaka kumi na mitano, nakaa na shangazi yangu Raya, mjane asiye na mtoto, mkali wa macho na mpole wa mikono. Ndio mwaka mikarafuu ilipoanza kufa pande zetu za Pemba. Nyinyi mmezoea kuona mti ukizeeka, ukatoka matawi makavu, ukachoka, ukaanguka. Ule haukuwa ufaji huo. Mti ulikuwa umesimama na majani mabichi na karafuu zake changa, siku ya tatu majani yamelegea kama masikio ya mbuzi mgonjwa, na wiki haijesha mti mzima umekuwa rangi ya kahawia, na majani hayaanguki. Yanabaki pale pale juu. Upepo ukipita, miti mizima inanong'ona na iliyokufa inakwaruza, na mtu aliyekulia chini ya mikarafuu alijua kwa masikio, bila kuinua kichwa, ni mingapi imekwenda. Ndege hawakutua juu yake. Hilo nililiona mwenyewe, sikuambiwa.

Serikali ikaleta wataalamu. Walikuja watatu, wote wa chuo kikuu kimoja cha Uingereza, kila mmoja na kazi yake, wakapangiwa nyumba ya ghorofa Madungu, mali ya Muhindi muuza vitambaa. Shangazi akaajiriwa kupika, na mimi nikawa mkono wake wa pili. Mkalimani wao alikuwa Maalim Shaame, mtu wa Chake, anayevaa koti juu ya kanzu hata jua likiwaka. Siku ya kwanza watu walimuuliza barazani wageni hawa ni akina nani. Akalitafuta neno akalikosa, mwisho akasema, "Hawa ni watu wa chuo kikuu." Neno hilo sasa mnalitamka kama mnavyotamka chumvi. Siye hatukuwa nalo. Kwetu chuo kilikuwa mahali pa watoto kusomea Kurani, na chuo kilikuwa kitabu. Na mganga wa ngoma ni mmoja, mganga wa chuo ni mwingine, yule anayefungua karatasi za manjano, akahesabu jina la mtu na jina la mama yake, akamwambia siku zake zilizobaki. Huyo wa chuo ndiye aliyeogopwa. Basi watu waliposikia hawa si wa chuo tu bali wa chuo kikuu, wote walivuta miguu juu ya baraza. Mzee mmoja akauliza, "Kikuu kama nini?" Maalim akajibu kwa fahari, "Mzee wangu, vitabu vyake vyajaza nyumba kubwa kuliko msikiti wa Ijumaa." Alidhani anawatuliza.

Na nyumba yenyewe haikusaidia. Ilikuwa na vyumba vitatu juu, kila bwana na chake, na watu wakawapa majina kabla hawajafungua masanduku yao. Chumba cha mbele alikaa Bwana Mbu, aliyekuwa akitafuta asili ya matende. Alifuga mbu ndani ya machupa mapana yaliyofunikwa kitambaa cha chandarua, na kila siku baada ya chakula cha mchana alikunja mkono wa shati, akauegemeza kwenye kitambaa, akawalisha. Nilimkuta hivyo nilipopeleka maji ya kunawa. Mkono wa kulia umeshika kitabu, wa kushoto unaliwa. Akanitazama akatabasamu, akasema kwa Kiswahili chake, "Ngoja kidogo. Wanakula." Nikaweka maji chini, nikashuka ngazi kinyumenyume. Nilipomsimulia shangazi hakuinua hata kichwa. "Kila mtu na wageni wake," akasema, akaendelea kukuna nazi.

Chumba cha kati kilikuwa cha Bwana Maneno. Yeye alikusanya Kipemba, ili vitabu vya shule viandikwe watoto wetu wavielewe. Alituuliza upawa twauitaje, kifuu twakiitaje, na yale maji yanayobaki baada ya kuosha mchele, na akishaambiwa aliandika akashukuru. Hakuwa na ubaya. Lakini siku moja niko jikoni nikasikia shangazi ananiita kutoka juu: "Wee Chumu, njoo hapa upesi, wazubaa nini?" Sauti yake, pumzi yake, hata ule mkwaruzo wa kooni. Nikaitika labeka, nikainuka. Shangazi alikuwa amekaa mbele yangu juu ya mbuzi ya kukunia, nusu ya nazi mkononi, mdomo umefumba. Tulitazamana. Sauti ikaniita tena kutoka juu, maneno yale yale, na safari hii polepole zaidi, kama mtu anayeonja mchuzi. Alikuwa Bwana Maneno, anajifunza. Tangu siku hiyo shangazi hakusema tena kwa sauti ndani ya nyumba ile. Alinielekeza kwa kidole na kwa macho, na mpaka leo mkiniona nawaamrisha kwa nyusi, mjue nilikojifunza.

Wa tatu ndiye wa habari hii. Bwana Mizizi alikuwa mrefu, mkimya, kucha zake hazitoki udongo. Chumba chake cha nyuma kilijaa chupa za dawa, na ndani ya kila chupa mizizi ya mikarafuu, ile myembamba kama nywele, mingine myeupe, mingine myeusi, imening'inia inayumba kidogo kila nikipita na ufagio. Kazi yangu moja ilikuwa kupangusa chupa hizo. Nilizipangusa kwa Ayatul Kursi, chupa baada ya chupa, mwaka mzima, mpaka nikawa najua bila kuambiwa: mweupe mzima, mweusi mfu. Yeye majani hakuyatazama kabisa. Alichimba kwa mkono chini ya shina, akakata vizizi viwili vitatu, akanusa, akatia chupani. Kisha akatundika kwenye mti kibati kilichokatwa kwenye debe, kimeandikwa tarakimu: cheupe kama mizizi ni mizima, chekundu kama imeanza kufa. Vibati vile mimi ndiye niliyevitia waya, nimekaa uani kwenye kigoda. Maalim alituelezea siku moja akila muhogo wa nazi mlangoni pa jikoni. "Bwana asema mti hufa chini kwanza. Juu hupata habari baadaye."

Shangazi akamwuliza, "Na binadamu je?"

"Hilo sikumwuliza, Bi Raya."

"Usimwulize."

Mwanzo watu waliviomba vibati. Kitu kilichoandikwa, kikafungwa kwa waya kwenye shina, kama si hirizi ni nini? Walimfuata Maalim njiani, nami nitilie viwili, nami kwenye ule mti wa kona. Kisha miti yenye vyekundu ikaanza kufa, mmoja mmoja, hakuna hata mmoja uliokosea zamu yake. Hapo maneno yakageuka. Hakuna aliyesema bwana amejua. Watu walisema bwana ameandika. Sasa walipomwona anakuja na kikapu chake walisimama mbele ya miti yao kama mtu anavyosimama mbele ya mtoto wake pale mgeni anapomsifu mno, asimpige jicho.

Mize alikuwa mwenzangu wa chuoni, na shamba la baba yake, Mzee Kombo, lilipakana na la shangazi kwa ua wa mibono. Tulikutana kila asubuhi kisimani. Siku moja aliniambia mbele ya wanawake wote, "Mtoto wa jikoni kwa wachawi, jana wamekulisha nini?"

"Mbu wa nazi," nikamjibu.

Watu wakacheka, naye akacheka. Lakini zamu yake ya kuteka ilipofika, akachukua ndoo ya kisima niliyotoka kuiacha, akaisuuza mara tatu, akayamwaga maji mbali, ndipo akateka. Hakufanya kwa ukali. Alifanya kama mtu anayetimiza jambo la usafi. Nimeishi miaka mingi, nimetukanwa na watu hodari wa kutukana, na hakuna lililonichoma kama maji yale.

Msimu ulikuwa umekaribia, karafuu zimeanza kushika wekundu, tulipokwenda shamba asubuhi tukakuta vibati vitatu vyekundu. Shangazi alikuwa na mikarafuu tisa, ndiyo nguo yake na ndiyo chakula chake na ndiyo heshima yake ya kutorudi kwa kaka zake kuomba. Mitatu ile ilikuwa safu ya ukingoni, mizuri kuliko yote, imezaa mpaka matawi yameinama. Alishika jani akalivunja akalinusa. Akakaa chini. "Mwaka mzima nampikia," akasema. "Chumvi yake naitia kwa mkono wangu. Na mie ameniandika." Alikaa hivyo mpaka jua likafika miguuni mwake. Kisha akasema, bila kunitazama, "Weye ndiwe uliyezoea vibati hivi. Vitoe."

"Nivitupe?"

"Astaghfirullah. Kilichoandikwa hakitupwi."

Hapa nieleze, maana nyinyi mnafungia karanga magazeti. Kwetu karatasi yenye maandishi ikiokotwa njiani hupigwa busu, ikapachikwa juu ya ukuta, kwa sababu hujui ni jina la nani limo. Tarakimu za Kizungu hatukuzijua, hivyo maandishi yalikuwa maandishi. Nikamwuliza nivizike. Akasema vikizikwa vitaota. Nikamwuliza nivichome. Akatikisa kichwa. "Kavitundike ng'ambo ya bonde, msituni, kwenye miti isiyo na mwenyewe," akasema. "Na mie nisijue ni upi." Akafunga kanga yake vizuri, akaenda zake Madungu kupika, maana mabwana walikuwa hawajala.

Nikavifungua. Waya ulinikata kidole gumba. Nikavitia kwenye pindo la kanga nikaanza kushuka, na kila hatua viligongana, ti, ti, ti, kama mtu anayehesabu kwa meno. Sikuwahi kumsikia mwenzangu yeyote akiogopa mchana kweupe, lakini siku ile jua lilikuwa juu na mimi niliogopa. Nikisimama vinanyamaza. Nikienda vinahesabu. Msitu ulikuwa mbali ng'ambo ya mpunga. Sikufika. Nilipita kwenye ua wa mibono, na miti ya kwanza niliyoikuta ni mitatu ya Mzee Kombo, nikavitundika humo. Ningeweza kuwaambia niliogopa, na ni kweli. Lakini si kweli yote. Nilipokuwa nakaza waya ule nilikuwa naiona ndoo inasuuzwa.

Sikujua vyekundu vilikuwa vya nini. Nilidhani kazi ya bwana ilikuwa kuandika tu, na kifo kitafuata kikipenda. Siku kadhaa baadaye Bwana Mizizi alisafiri kwenda Unguja na masanduku yake ya chupa kuwaonyesha wakubwa, na yeye hayupo ikaja amri ya Serikali: kila mti wenye kibati chekundu ukatwe, uchimbuliwe, uchomwe, ili maradhi yasitambae chini kwa chini kwenda mti wa pili. Habari hiyo niliisikia nimeshika sufuria, Maalim akimweleza shangazi. "Leo wanaanza bondeni kwenu. Kwa Mzee Kombo," akasema. Shangazi akasema, "Kwa Kombo? Kwa Kombo mna chekundu?" Akageuza macho kwangu. Sikungoja nyusi zake. Nikatoka mbio.

Nilipofika mmoja ulikuwa umelala. Umelala na karafuu zake zote, na harufu yake ilijaa bonde zima, harufu ya nyumba yenye harusi. Mzee Kombo alikuwa ameweka kiganja juu ya shina la wa pili. "Huu waumwa nini?" alimwuliza msimamizi wa wakataji.

"Mzee wangu, mie sikusoma. Nimeambiwa nyekundu."

"Basi aje aliyesoma."

"Aliyesoma yuko Unguja. Sogea, mzee, shoka halina adabu."

Akasogea. Mize alisimama nyuma ya baba yake, ameshika upindo wa kanzu yake kama mtoto mdogo. Wakakata wa pili, wakakata wa tatu, kisha wakachimba, na mizizi ikatoka juu. Ilikuwa myeupe. Myeupe mpaka ncha, kama nyuzi za nazi changa, na udongo unadondoka kutoka kwayo. Pale bondeni walikuwapo wanaume kumi na wanawake zaidi ya hao, na hakuna hata mmoja aliyeijua rangi ile maana yake nini, isipokuwa mimi, niliyepangusa chupa mwaka mzima. Neno lilikuwa hapa, kwenye ulimi. Hata mti mmoja nisingeuokoa tena, lakini mtu angalau angejua miti yake haikuwa na kosa. Sikulisema. Wakaichoma. Moshi wake ulikuwa mtamu, ukakaa kwenye nguo zetu na kwenye wali, na shangazi alifunga madirisha ya jikoni akapika gizani.

Mitatu ya shangazi yenyewe haikupona kwa kuvuliwa vibati. Haikupita wiki mbili ikasimama kahawia, na hatukuchuma hata pakacha. Ukafuata wa nne, wa tano. Kisha maradhi yakavuka ua wa mibono yakaingia kwa Mzee Kombo kwenye miti aliyobakishiwa. Nimesikia wasomi wa siku hizi wanabishana maradhi yale yalikwendaje, na mimi si wa kuwaamulia. Ninachojua ni kwamba miti iliyopaswa kuchomwa tuliiacha, tukachoma mizima, na kifo kilipita njia tuliyokiachia.

Bwana Mizizi aliporudi alikwenda bondeni peke yake, akarudi moja kwa moja jikoni, na Maalim nyuma yake. Alisimama mlangoni. Shangazi hakuacha kuchagua mchele.

"Bwana auliza nani ameingia shamba lenu," Maalim akasema.

"Mwambie akatazame kwenye chuo chake," akajibu shangazi. "Si chajua kila kitu."

Maalim hakulitafsiri. Bwana Mizizi alinitazama mimi, na alinitazama kama alivyotazama miti, si usoni, chini. Alitazama kidole gumba changu. Kovu la waya lilikuwa bado bichi. Juu Bwana Maneno alikuwa anarudiarudia neno moja kwa sauti ya mwanamke wa kisimani. Hapo nikajua kwamba anajua, kama alivyojua mti ungali mbichi. Akasema maneno machache akageuka. Maalim akabaki amesimama na koti lake. "Bwana asema huenda alichanganya yeye," akasema. Kisha akaongeza, na hili lilikuwa lake, "Kibati hakina miguu, Bi Raya."

Na kweli aliandika hivyo, kwamba alichanganya yeye. Wakubwa zake wakaona hesabu yake ya mizizi haiaminiki, wakamwita arudi kwao kabla ya masika. Tulipakia chupa zake kwenye makumbi. Hakuniambia neno, wala mimi sikumwambia, na shangazi alimpikia mpaka siku ya mwisho bila kupunguza chumvi. Sasa nina mjukuu anayesoma chuo kikuu, na akija likizo hunieleza utafiti wa wenzake, mmoja mwani, mmoja maji ya visima, mmoja lugha, na husema kazi za zamani zote zimehifadhiwa, hakuna kinachopotea. Namsikiliza, na mwili wanisisimka. Maana huko Uingereza, kama asemavyo, kuna kitabu kimekaa kwenye rafu ambamo miti ya Mzee Kombo ni migonjwa na yetu mizima na mtu mwaminifu ni mzembe, na mwandishi wake wa kweli ni mtoto wa kike asiyejua kuandika.

Mzee Kombo hakungoja miti yake iliyobaki imalizike. Alihamia Makangale kwa ndugu zake, akafa huko akilima muhogo. Mize aliolewa akarudi huku kwetu miaka mingi baadaye, mwanamke mzima, mwenye mzaha ule ule. Tulikaa mlango kwa mlango. Alinizalisha watoto wangu wawili, nami nikamuuguza mumewe. Mara moja tu alitaja bonde lile. Tulikuwa tunachambua karafuu, akasema, "Unajua baba alikufa akiamini ni mimi? Alisema nilimtukana mchawi kisimani, akajibu kwa miti yetu." Alilisema hivi hivi tu, huku anatenga makonyo, vile vikonyo vya karafuu. Alikuwa amelibeba tangu miaka ile. Nikamwambia mzee hakukusudia. Nikaendelea kuchambua. Ndilo kosa langu kubwa, na si lile la vibati, maana lile nililifanya na miaka kumi na mitano, na hili nililifanya nina mvi.

Ijumaa, Mize alipokuwa amelazwa kwenye jeneza, imamu aliuliza nani ana haki kwa maiti huyu, nani anamdai. Hakuna anayeuliza maiti ana haki kwa nani. Nilirudi kutoka msibani, nikakaa ukumbini, nikawaita wote wa nyumba hii, wanangu, wakwe zangu na wajukuu, mpaka yule wa chuo kikuu. Niliwajua watoto wa Mize: wamelelewa vizuri, na mtu aliyelelewa vizuri akishakula chakula cha mwenyeji hupata haya ya kumhukumu. Nikawaambia: "Kaniitieni watoto wa Mize, wote, hata walioko Makangale. Wakifika wakaribisheni, na mlango uachwe wazi. Wala asiandaliwe mtu kitu, hata maji ya kunywa, mpaka mie nimemaliza kusema."